Kuupigia ubao hodi: Seremala wa Sale na gitaa lake la kwanza

Fundi seremala akimaliza kitanda, hukikalia. Wengine hukipanda kabisa wakaruka mara mbili tatu mbele ya mteja, na kitanda kisipolia "kwii", biashara imekwisha. Mlango husukumwa kwa bega. Stuli huinamishwa ikasimama kwa mguu mmoja. Samani zinazopangwa kando ya barabara kuu ya Karatu, ile inayopeleka watalii kwenye lango la Ngorongoro, zimejengwa kwa sheria moja: zisivunjike, na zisitoe sauti.

Gitaa linavunja sheria hiyo pande zote mbili.

Kifua chake, yaani ubao wa mbele wenye tundu la mviringo, huwa na unene wa milimita 2.5 hadi 3 tu. Mbavu zake ni nyembamba zaidi, karibu milimita 2. Juu ya kisanduku hicho hufungwa nyuzi sita ambazo, zikiwa za chuma, huvuta kwa nguvu inayokaribia kilo 70, kana kwamba mtu mzima amening'inia kwenye kipande cha mbao kilichobandikwa kwa gundi. Likijengwa imara kama stuli, litadumu miaka mingi na halitaimba. Likijengwa jepesi kupita kiasi, litaimba vizuri sana kwa muda mfupi kisha kifua kitabonyea. Fundi wa gitaa anafanya kazi yake yote katikati ya hatari hizo mbili, na ndiyo maana seremala hodari wa vitanda hujikuta mwanafunzi tena siku anayoamua kutengeneza gitaa.

Hata hivyo, haanzi mikono mitupu. Kwa fundi wa Karatu au wa tarafa ya Sale, sehemu kubwa ya anachohitaji tayari iko nyumbani.

Somo la mzinga

Sale iko kaskazini mwa wilaya ya Ngorongoro, ng'ambo ya nyanda za juu ukitokea Karatu. Ni nchi ya Wabatemi, ambao wengi nje ya eneo hilo huwaita Wasonjo. Watanzania wengi walilijua eneo hili mwaka 2011, pale misururu ya magari ilipoelekea kijiji cha Samunge ili watu wakanywe kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Wanaolifahamu zaidi hulitaja kwa mambo mawili ya kale: mifereji ya umwagiliaji, ambayo zamu zake za maji zilikuwa mikononi mwa baraza la wazee waitwao wenamiji, na asali.

Asali inahitaji mzinga, na mzinga wa gogo ni useremala wa aina yake. Gogo hukatwa kwa kipimo, hutobolewa ndani mpaka libaki ganda, huzibwa ncha mbili, kisha hutundikwa mtini. Anayeuchonga haongezi kitu, kazi yake ni kupunguza. Kila pigo la tezo linaondoa, na kilichoondolewa hakirudi. Mzinga ukishakauka, kidole kikiugonga hutoa mlio wa wazi. Ukijaa masega, jibu lake huwa zito na fupi.

Masikio hayo ndiyo chombo cha kwanza cha fundi wa gitaa. Mama anayenunua chungu sokoni hukigonga ili asikie kama kina ufa. Fundi wa gitaa naye hushika ubao kwa vidole viwili karibu na ukingo, akauacha uning'inie, akaugonga kwa kifundo cha kidole. Ubao mnene hujibu kwa mlio mkavu, wa juu, usiodumu. Kadiri randa inavyopita, mlio hushuka na kurefuka. Mafundi wa zamani walifuata sauti hiyo kuliko walivyofuata rula, kwa sababu mbao mbili zenye unene uleule, hata zikitoka mti mmoja, hazilingani kwa ugumu. Anayeanza afuate vyote viwili: rula imzuie kupitiliza, sikio limfundishe taratibu.

Vyombo vya nyuzi navyo si wageni katika eneo hili. Kusini-magharibi mwa Karatu, katika bonde la Ziwa Eyasi, Wahadzabe hupiga zeze. Kule Dodoma, Wagogo wamelifanya zeze kuwa fahari yao, na Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alilipeleka kwenye majukwaa ya dunia. Na ni nani aliyekulia Afrika Mashariki bila kuona mtoto na gitaa la kopo: debe la mafuta, kipande cha mbao, na nyaya zilizochomolewa kwenye breki ya baiskeli? Mtoto huyo keshatatua nusu ya tatizo. Ana kisanduku cha hewa, ana shingo, ana uzi uliokazwa. Kilichobaki ni vipimo.

Katanga, nchini Kongo, kwenye migodi ya shaba, gitaa lilipata wapigaji waliolifanya liongee Kiswahili. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco katika mji wa Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi, na vidole vyake viwili vikabadilisha upigaji wa gitaa kuanzia Kongo hadi Nairobi. Kinshasa, fundi anayejulikana kwa jina la Socklo ametengenezea wanamuziki wa jiji hilo magitaa kwa miongo kadhaa katika karakana ya mtaani. Kwa hiyo swali la kama gitaa linaweza kuundwa Afrika lilishajibiwa zamani. Linalobaki kwa seremala wa Sale ni la kiufundi: aanzie wapi?

Maseremala waliotangulia

Historia ya gitaa, kwa kiasi kikubwa, ni historia ya maseremala.

Antonio de Torres, Mhispania aliyelipa gitaa la nyuzi laini umbo tulijualo leo, alizaliwa mwaka 1817 karibu na mji wa Almería na kuanza kujifunza useremala akiwa na umri wa miaka 12. Mwaka 1862 alifanya jambo lililowashangaza wenzake. Aliunda gitaa lenye kifua cha mbao nzuri, lakini mgongo na mbavu zake akazitengeneza kwa karatasi ngumu ya boksi. Alitaka kuonyesha kwamba sauti inatoka kwenye kifua. Gitaa hilo limehifadhiwa hadi leo katika Makumbusho ya Muziki ya Barcelona.

Ujerumani, katika mji wa Markneukirchen, chama cha watengeneza fidla kilitaka maseremala wa samani wazuiwe kutengeneza magitaa. Waliwadharau, wakidai hao ni watu wa makabati tu. Miongoni mwa waliokuwa upande wa makabati ni Christian Friedrich Martin, mtoto wa seremala. Mwaka 1833 alihamia Marekani, akafungua duka New York, na baadaye akahamia Pennsylvania. Kampuni aliyoianzisha bado inatengeneza magitaa, na mpangilio wa mihimili ya ndani unaofanana na herufi X, uliotokana na karakana yake na za mafundi wa wakati wake, unaonekana ndani ya magitaa mengi ya nyuzi za chuma duniani.

Kisa cha tatu ni cha Agosti 23, 1879. Meli iitwayo Ravenscrag ilitia nanga Honolulu, Hawaii, ikitoka kisiwa cha Madeira na shehena ya vibarua wa mashamba ya miwa. Ndani yake walikuwamo maseremala watatu wa samani: Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Kinanda kidogo cha nyuzi walichotoka nacho kwao wakaanza kukiunda upya, na kikazaa ukulele.

Anayedhani kwamba siri iko kwenye mbao za bei ghali atazame alichofanya Mmarekani Bob Taylor mwaka 1995. Alichukua mbao za paleti, zile zinazowekwa chini ya mizigo ghalani, akazitumia kwa mgongo na mbavu. Kifua alikipata kutoka kwenye boriti la kawaida la ujenzi. Gitaa hilo la takataka alilipeleka kwenye maonyesho ya biashara ya ala za muziki, na watu wakasimama kulisikiliza.

Sayansi nayo ilikuja kusema maneno yanayofanana na hayo. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio lao: magitaa sita yaliyofanana kwa kila kitu isipokuwa mbao za mgongo na mbavu, baadhi za thamani kubwa na nyingine za kawaida. Wapigaji 52 waliyajaribu kwenye mwanga hafifu, wakiwa wamevaa miwani iliyowazuia kuona mbao. Alama walizotoa hazikuachana kwa maana, na wengi hawakuweza kutambua walichoshika.

Nyuzi juu ya nyuzi

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili ambavyo fundi wa gitaa hushughulika navyo kutwa: nyuzi. Ziko nyuzi zinazopigwa kwa vidole, na ziko nyuzi za mbao, ile mistari inayotembea kutoka shinani hadi kileleni mwa mti. Gitaa bora ni pale nyuzi za kwanza zinapolala sambamba na za pili. Mtikisiko husafiri upesi ukifuata nyuzi za mbao, na polepole ukizikata.

Ndiyo maana ubao wa kifua huchaguliwa kwa kuutazama kwenye kichwa chake, pale msumeno ulipokata. Pete za mti ziwe zimesimama wima, si kulala. Ubao ambao pete zake zimelala hupinda kama kigae cha paa mara tu hewa inapobadilika. Vilevile usiwe na vifundo, na mistari yake isiyumbe. Kwenye lundo la mbao hamsini huenda ukapatikana mmoja wa namna hiyo. Seremala wa milango angeuchukua wowote, lakini fundi wa gitaa atashinda yadi ya mbao asubuhi nzima na kuwachosha wauzaji.

Mbao zipi? Ulaya na Amerika hutumia zaidi miti ya jamii ya misonobari na mierezi ya nchi za baridi kwa ajili ya kifua. Tanzania kuna msonobari wa mashamba makubwa kama Sao Hill huko Mufindi, na kuna saiprasi iliyopandwa katika mashamba ya miti ya Meru na Kilimanjaro Magharibi. Kwa kuwa miti hii hukua haraka hapa kwetu, pete zake huwa pana, kwa hiyo inafaa kutafuta ubao uliotoka pembeni mwa gogo kubwa, ambako pete husongamana. Saiprasi ina sifa nyingine: ndugu yake wa Hispania ndiye mti wa mgongo na mbavu za magitaa ya flamenko tangu zamani, tena alipendwa kwa sababu alikuwa rahisi kupatikana.

Kwa mgongo na mbavu, mninga ni chaguo linalojulikana hata kwa mafundi wa nje. Ni mti usiohangaika sana unapokauka, na harufu yake karakana nzima huijua. Kwa shingo, mkangazi hufaa, kwa kuwa si mzito na huchongeka bila ubishi. Mgrevilea, ambao kaskazini hupandwa kutia kivuli kwenye kahawa, una madoa mazuri kama magamba ya samaki unapopasuliwa vizuri.

Halafu kuna mpingo. Huu ndio mti wa taifa kwa wengi wanaouchonga, mzito kiasi cha kuzama majini, na dunia inauhitaji kwa klarineti na zumari. Kwenye gitaa hutumika kwa ubao wa vidole na daraja, sehemu zinazosuguliwa na kuvutwa. Mmoja wa watu waliouhangaikia sana, mtaalamu wa mimea Sebastian Chuwa, alifanya kazi miaka mingi katika Hifadhi ya Ngorongoro kabla ya kurudi Moshi, ambako mwaka 1996 yeye na Mmarekani James Harris walianzisha mradi wa kuhifadhi na kupanda mpingo. Chuwa alifariki mwaka 2014. Kusini, Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi viliingia mwaka 2009 katika cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, na misitu yao ilikuwa ya kwanza ya asili barani Afrika inayomilikiwa na wanavijiji kufikia hatua hiyo.

Mti huu hukua polepole mno. Mpingo wa kuvunwa huwa umeishi miongo mingi kuliko fundi anayeukata. Tangu Januari 2017, biashara yake ya kuvuka mipaka iko chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, pamoja na miti mingine ya jamii yake, na mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokwisha kutengenezwa zikaondolewa kwenye masharti hayo. Kwa mbao ghafi masharti yapo palepale. Ndani ya nchi, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka vibali vya kuvuna na kusafirisha, vinavyosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, na ndani ya eneo la hifadhi shoka halina ruhusa.

Lakini gitaa moja halihitaji gogo. Mabaki ya karakana yanatosha. Mguu wa kitanda cha mninga kilichovunjika, ubavu wa kabati la bibi, fremu ya mlango wa nyumba iliyobomolewa: mbao hizi zimekauka kwa miaka thelathini au arobaini bila mtu kuzilipia tanuri. Kipande kidogo cha mpingo kilichobaki kwa wachongaji kinatoa daraja. Hata kidaraja cheupe kinachobeba nyuzi, ambacho viwandani siku hizi ni plastiki, mafundi wengi hukichonga kwa mfupa wa ng'ombe, na katika wilaya ya wafugaji hilo si la kuagiza.

Moto, mipira na hesabu

Kinachomtisha anayeanza kuliko vyote ni kukunja mbavu. Ubao wa milimita 2 unawezaje kufuata kiuno cha gitaa bila kukatika? Jibu ni moto. Utomvu mgumu unaoshikanisha nyuzi za mbao hulainika ukipashwa joto, kisha hugandia palepale unapopoa. Wahadzabe hulitumia jambo hilo kila siku: mti wa mshale hupashwa moto, hunyooshwa kwa meno na mikono, na ukipoa unabaki umenyooka. Fundi wa gitaa hufanya kinyume chake kwa kanuni ileile. Hufunga kipande cha bomba la chuma mezani, hutia moto ndani yake, na huko nyuma moto huo ulikuwa wa mkaa tu. Tone la maji likidondoshwa juu ya bomba likarukaruka, joto limefika. Ubao ulioloweshwa kidogo hubembelezwa juu ya bomba, ukisukumwa kidogo kidogo, mpaka unapoonekana umekubali. Anayelazimisha husikia "pwaa". Wengi huvunja ubavu wa kwanza, kwa hiyo mwenye busara hupasua mbavu nne, si mbili.

Vibano ni tatizo la pili, maana gitaa hutaka vingi kwa wakati mmoja na jiriwa moja la mezani halitoshi. Hapa bodaboda huokoa jahazi. Ile mipira ya tyubu inayofungia mizigo kwenye pikipiki, ikikatwa mikanda mirefu, huzungushwa kwenye mwili wa gitaa na kubana sawasawa kila upande. Mafundi wa nchi nyingine nao huitumia. Kwa vipande vidogo, kabari na kamba vinatosha.

Ndani ya kifua hubandikwa vijipapi vyembamba vya kukiimarisha. Torres alivipanga saba, vikitawanyika kama vidole vya kiganja kilichofunguliwa. Hapa ndipo mazoea ya useremala hugeuka adui. Mkono uliozoea kombamoyo na papi za paa huona vijiti hivi ni mzaha, ukaviongezea unene. Matokeo ni gitaa lenye sauti ya kikohozi. Vijipapi vianze na kimo cha kuaminika, kisha vipunguzwe kuelekea ncha zake, huku kifua kikigongwa na kusikilizwa tena na tena.

Kwa anayeanza, njia ya Kihispania ina nafuu. Gitaa hujengwa limelala kifudifudi juu ya ubao bapa, shingo na kisanduku vikiunganishwa pamoja tangu mwanzo, bila kiungo kigumu cha kuchonga baadaye na bila mashine. Nyuzi laini za nailoni nazo huvuta karibu kilo 40 tu, kiasi kwamba shingo haihitaji chuma ndani yake. Nyuzi za chuma zisubiri gitaa la pili au la tatu.

Eneo moja tu halina huruma, nalo ni freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo. Zisipokaa mahali pake, hakuna mpigaji atakayeliponya gitaa. Mwaka 1581 Vincenzo Galilei, mpiga vinanda wa Italia na baba wa mnajimu Galileo, aliandika kanuni rahisi: gawanya urefu wa uzi kwa 18, hapo ndipo freti ya kwanza, gawanya uliobaki kwa 18, hapo ni ya pili, endelea. Kanuni hiyo inakaribia sana lakini haifiki. Kwa uzi wa milimita 650, urefu wa kawaida wa gitaa la nailoni, freti ya 12 inapaswa kuwa katikati kabisa, milimita 325 kutoka kichwani. Kwa 18 inaangukia karibu milimita 322.6, na sikio hulalamika.

Namba sahihi ni 17.817. Ukigawanya 650 kwa namba hiyo unapata 36.5, mahali pa freti ya kwanza. Zinabaki 613.5, zigawanye tena, unapata 34.4, umbali wa kutoka ya kwanza hadi ya pili. Kikokotoo cha simu kinamaliza kazi kwa dakika kumi. La muhimu ni kwamba alama zote zipimwe kutoka kichwani, si kutoka freti moja hadi nyingine, la sivyo kosa dogo la nusu milimita hujumlishwa mara kumi na mbili. Waya wa freti, mashine za kukazia nyuzi na nyuzi zenyewe ndivyo vitu pekee vya kununua dukani.

Kiangazi ndio msimu

Mbao haziachi kupumua kwa kuwa zimepakwa vanishi. Hewa ikiwa na unyevu hutanuka, ikikauka husinyaa, na hufanya hivyo kwa upana wake, si kwa urefu. Vijipapi vya ndani vimekatiza upana huo na haviruhusu kifua kijongee. Gitaa lililofungwa wakati wa masika, kifua kikiwa kimeshiba unyevu, likikutwa na upepo mkavu wa Septemba hutafuta pa kusinyaa, likakosa, likapasuka. Lililofungwa kiangazi likikutwa na mvua huvimba kidogo tu, likarudi. Kwa fundi wa nyanda za Karatu au mabonde ya Sale, kalenda iko wazi: kupasua na kukausha mbao wakati wowote, kubandika vijipapi na kufunga kisanduku katika miezi mikavu.

Hili pia linaeleza kwa nini gitaa lililokaa Dar es Salaam, kwenye unyevu wa pwani, hulia vibaya likipandishwa bara. Na gundi nyeupe ya mbao, inayotumika kwenye viti na makabati, inafaa kabisa kwa gitaa, isipokuwa haivumilii joto la ndani ya gari lililofungwa juani. Daraja hung'oka taratibu, nyuzi zikilivuta. Vumbi la mninga na la mpingo nalo huwasha macho, ngozi na mapafu, kwa hiyo barakoa isikose.

La kwanza ni dogo

Wafundishaji wengi wa kazi hii hushauri kuanza na ukulele. Ina nyuzi nne, urefu wa uzi usiozidi milimita 350 hivi kwa ile ndogo kabisa, na mabaki ya mlango mmoja yanatoa ukulele mbili. Kazi zote zimo: kukondesha kifua, kukunja mbavu, vijipapi, freti. Ikiharibika, kilichopotea ni wikendi kadhaa na kikombe cha gundi. Atakayetaka kurukia gitaa moja kwa moja anaweza kutumia plaiwudi nyembamba kwa mgongo na mbavu, kama Torres alivyotumia boksi, akaweka jitihada zake zote kwenye kifua. Umbo si lazima alibuni. Gitaa la kwaya likiazimwa kwa saa moja, likalazwa juu ya karatasi na kuzungushiwa penseli, ramani imepatikana. Kioo kidogo na tochi vikipitishwa kwenye tundu huonyesha vijipapi vilivyomo.

Umbali nao si kikwazo kama zamani. Kutoka mji wa Waso hadi njia panda ya Sale kuna kilomita 49 za lami, na paketi ya nyuzi kutoka Arusha haina uzito wa kumshinda kondakta.

Siku ya kufunga nyuzi, gitaa la kwanza huwa kaidi. Uzi unakazwa hadi sauti yake, unafungwa wa pili, na wa kwanza tayari umelegea. Nailoni inajivuta, kifua kinainuka kidogo, shingo inatafuta mahali pa kutulia. Fundi hulikaza tena jioni, akaliegemeza ukutani, akalala. Asubuhi limeshuka. Hulikaza. Huweka rula juu ya kifua nyuma ya daraja na kuchungulia mwanga unaopita chini yake: limevimba milimita moja, labda mbili, na hilo ni sawa. Wiki ya pili linaanza kushika sauti mpaka jioni.

Wateja wa vitanda wanapopita karakanani huuliza limeshajaribiwa vipi. Hili halikaliwi. Fundi huvuta stuli, akaketi kando yake, akaligonga kifuani kwa kifundo cha kidole, halafu akanyamaza asikie.